Salamu Arobaini kwa Mgeni Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimesema uongo leo. Mdogo tu, kama punje. Lakini nimeusema mbele ya Mama Mkuu, bosi wa ofisi yetu, na Mama Mkuu huandika kila anachoambiwa.

Alituita makarani wawili wa masijala, mimi na Kifua Mbele. Kifua Mbele si jina lake, ndivyo anavyotembea. Mtu anaingia chooni kama anaingia kupokea nishani! Mama Mkuu akasema masijala imebakiwa na nafasi moja ya karani. Mmoja wetu atashushwa bohari.

Bohari! Chumba cha chini ya ngazi, dirisha hakina, taa moja, na majalada yasiyoguswa tangu wenye majina yao walipokufa. Karani wa mwisho kushushwa kule alipanda baada ya miaka mitatu. Alikuwa anayaamkia makabati.

Kisha akatuambia habari ya mgeni. Jumanne ijayo saa tatu asubuhi anakuja mhandisi mzee kutoka Japani. Alijenga daraja letu akiwa kijana, na anataka kuiona michoro yake mara moja kabla hajafa. Hivyo ndivyo alivyoandika kwenye barua. Lugha yake ni Kijapani tu, na mkalimani hawezi kufika kabla ya saa nne. Kwa hiyo kuna saa moja ya kumpokea mzee wa watu, kumkalisha na kumpa chai. Atakayeweza saa hiyo abaki na kiti chake. Atakayeshindwa ashuke.

Kifua Mbele akavuta pumzi aseme. Nikamtangulia. Nikasikia sauti ikisema, mimi najua Kijapani. Ilikuwa yangu.

Kifua Mbele akaniuliza tangu lini, kaka. Nikasema tangu shuleni. Mama Mkuu akaandika.

Neno moja la Kijapani silijui. Na nina hasira. Nani alimwambia mzee huyu ajenge daraja?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata silaha. Kwenye rafu ya vitabu vya ofisi, nyuma ya kanuni za usalama ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma, kuna kijitabu cha Kijapani kwa wanaoanza. Sentensi arobaini zenye maana zake pembeni. Kipo kimoja tu.

Nina njia yangu ya kujifunza, na ni njia safi. Masijala imenifundisha jambo moja maishani: karatasi isiyo na namba haipo, na namba kumi na nne haiwezi kutangulia kumi na tatu. Ukiruka folio moja, yaani karatasi moja yenye namba, jalada zima limekufa. Basi nimekata vikaratasi arobaini. Kila sentensi na namba yake. Nimevitoboa tundu kwenye kona na kuvifunga kwa uzi wa jalada. Nasoma kuanzia namba moja. Nikikosea popote narudi namba moja.

Namba moja, ohayoo gozaimasu: habari za asubuhi. Namba mbili, konnichiwa: habari za mchana. Namba tatu, konbanwa: za jioni. Hadi saa kumi na mbili nilikuwa nimefika namba tano mara kumi na tisa.

Nyumbani Shangazi akaniuliza nanung'unika nini kama mtu mwenye deni la mahari. Shangazi ni fundi cherehani, sebule yake ndiyo karakana yake, na mimi nalala chumba cha nyuma ya ukuta wa sebule hiyo. Nikamweleza. Akacheka mpaka akatoa mguu kwenye kanyagio. Akasema, mwanangu, mgeni wa saa moja anahitaji maneno manne: karibu, keti, ngoja, chai. Arobaini ya nini? Unampokea au unamwozesha?

Akaongeza kwamba mtaka yote hukosa yote.

Nilimjibu vikali sana, kimoyomoyo. Kwa mdomo nilisema ndiyo, Shangazi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kifua Mbele kaonekana kwenye rafu ya vitabu! Anapapasa. Anaulizauliza. Nikamuuliza kwa upole anatafuta nini. Akasema eti kanuni za usalama. Mwongo! Watu hawana haya siku hizi.

Nikaona kijitabu kisilale mezani pangu tena. Vikaratasi ninavyo, lakini matamshi yako mle ndani, kwa hiyo nakihitaji karibu. Nimekificha mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki: ndani ya jalada la Malalamiko ya Wafanyakazi. Jalada hilo lina folio tatu tu, ya mwisho ni ya miaka sita iliyopita, na inahusu ndoo. Hapa ofisini watu huogopa kulalamika. Mimi mwenyewe naogopa, na nina ya kujaza makabati mawili.

Nimefika namba kumi na moja. Nimejipongeza kwa andazi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nyoka! Nyoka aliyevaa shati lililopigwa pasi!

Kifua Mbele kaandika malalamiko. Kwamba kijitabu cha Kijapani, mali ya ofisi, kimetoweka rafuni, na yeye kama mtumishi mwaminifu amenyimwa nafasi ya kujiendeleza. Mama Mkuu kayasoma, kayagonga muhuri, kisha kaniambia niende nikamletee jalada la Malalamiko ya Wafanyakazi, ayaweke humo kwa mkono wake.

Nilisimama mbele ya kabati dakika nzima. Nilifikiria kuzimia. Nilifikiria kula kile kijitabu. Nikamletea. Akalifungua. Kijitabu kikamwangukia mapajani.

Akaniuliza kama hilo nalo ni lalamiko. Nikasema ndiyo, Mama. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Kakiweka mezani pake. Atakayekitaka akakisomee pale, mbele yake, kwa zamu. Kifua Mbele kasema yeye hana haja nacho tena, alitaka tu kujua kilipo. Akanipigapiga mgongoni. Akasema pole, mwalimu.

Mwalimu! Sasa ofisi nzima inaniita hivyo. Hata mlinzi wa getini.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo si siku ya kazi, nimegeuza nyumba kuwa Japani. Nimeandika majina ya vitu kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika kwa gundi. Ndoo ya maji: mizu. Mlango: doa. Kiti cha wateja: isu. Dirisha: mado. Nimekusudia macho yangu yasipumzike.

Saa nne akaja mteja mkubwa wa Shangazi, mama mwenye duka la vitambaa, kuchukua gauni lake la harusi ya mdogo wake. Akalivaa hapo hapo. Akajitazama. Akafurahi. Akaketi kusubiri pindo limaliziwe. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, namba kumi na nane, sina habari.

Gundi ilikuwa haijakauka.

Mama wa watu katoka hapa, kapita mtaa mzima mpaka ukumbini, na neno la Kijapani la kiti likiwa limebandikwa pale pale anapokalia. Mpiga picha ndiye aliyemwambia. Baada ya picha.

Alirudi mchana. Sitaandika aliyoyasema. Alisema ukoo wetu wote una walakini, kuanzia juu. Shangazi kamwomba radhi kwa mikono miwili na kuahidi kumshonea lingine bure. Mimi nilikuwa nimejifungia doa.

Jioni Shangazi kabandua vikaratasi vyote mwenyewe. Kila alichobandua alikisema kwa sauti: mizu, mado, isu. Kila kimoja sawasawa! Nikamuuliza amejifunza lini. Akasema atajifunzaje asijue, na mimi kutwa kucha nyuma ya ukuta kama kasuku mwenye homa?

Imeniuma. Imeniuma sana.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeamka nimepania. Namba moja hadi arobaini bila kosa, la sivyo sili.

Saa saba mchana nilikuwa na njaa na namba ishirini na tisa. Nikakwama. Nikawa nasema ile ya ishirini na tisa mwanzo wake tu, eki wa, eki wa, eki wa. Kutoka sebuleni, juu ya mlio wa cherehani, ikaja sauti ya Shangazi ikiimalizia: doko desu ka! Kisha akasema njoo ule, kituo cha treni utakitafuta ukishashiba.

Kanipakulia. Kakaa mbele yangu. Kaanza kunijaribu, eti yeye ndiye mgeni. Akasimama mlangoni na kanda ya kupimia shingoni, akaniambia haya, nimefika, nikalishe.

Nikaanza. Ohayoo gozaimasu. Konnichiwa. Konbanwa.

Akanikatiza. Akauliza mbona namsalimia za jioni mchana huu, na mbona bado amesimama. Nikamweleza kwamba keti ni namba kumi na nne. Nikiianza yenyewe haiji, lazima ifuate ya kumi na tatu. Ndivyo ilivyofungwa.

Shangazi alinitazama kama mtu anayetazama kitambaa kilichokatwa vibaya. Akasema, toa huo uzi. Chukua vinne, vingine weka kando. We mtoto wa kaka yangu, lugha si jalada. Njia ya mwongo ni fupi, usiirefushe kwa makusudi.

Nitoe uzi! Ni sawa na kumwambia yeye ashone bila uzi. Nilikula nikiwa na hasira, nikaongeza wali.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeiweza! Arobaini zote! Kwa mpangilio, bila kosa, dakika mbili na sekunde kumi. Nimezisema kwenye korido, nimezisema kwenye ngazi, nimezisema mbele ya picha ya daraja lenyewe.

Kifua Mbele kutwa nzima hakujifunza lolote. Kaenda kutafuta kiti chenye mto, kakifuta vumbi, kakiweka karibu na dirisha. Basi! Nikamuuliza ndiyo maandalizi yake hayo. Akasema mzee wa miaka themanini, kaka, anachotaka ni pa kukaa. Masikini. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mama Mkuu kaniita. Barua ya uhamisho wa bohari iko tayari mezani pake. Kila kitu kimechapwa isipokuwa jina. Akanionyesha ile nafasi iliyoachwa. Nafasi nyeupe, ndefu kiasi cha jina langu kamili. Nimepima kwa macho.

Lakini arobaini ninazo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tatu kamili mgeni kaingia. Mzee mdogo, safi, kofia mkononi, mkoba wa ngozi uliochakaa chini ya kwapa. Mama Mkuu kamshika mkono, kamwonyesha mimi, kisha kasimama pembeni na daftari lake. Kifua Mbele alikuwa karibu na kile kiti. Mzee akanitazama akitabasamu. Akasubiri.

Nilikusudia kuzipita zile kumi na tatu moyoni, kimya, hadi niifikie ya kumi na nne, niiseme kwa sauti. Mpango mzuri. Lakini woga ukanifungua mdomo.

Nikasema habari za asubuhi. Mzee akainama, akafurahi, akaijibu.

Nikasema habari za mchana. Akashtuka kidogo. Akainama, akaijibu.

Nikasema habari za jioni. Akatazama dirishani. Jua lilikuwa pale pale. Akatazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Akainama, akaijibu, kwa sauti ya chini.

Hapo Kifua Mbele akasogeza kiti. Nikamnyooshea kiganja arudi nyuma. Folio ya kiti haijafika! Akarudi nacho. Mzee, aliyekuwa ameshaanza kukunja magoti, akajinyoosha tena.

Namba nne ni oyasuminasai. Lala salama.

Nikaisema. Niliona uso wake ukibadilika, nikajua, lakini ningefanya nini? Baada ya nne ni tano. Maji nikishayavulia nguo sharti niyaoge.

Namba tano ni sayoonara. Kwaheri. Nikaisema.

Mzee akatazama kile kiti alichonyang'anywa. Akamtazama Mama Mkuu, ambaye hakuelewa kitu na kwa hiyo alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa kama anayekubali. Mzee akainama. Safari hii alikwenda chini sana, akakaa huko muda. Akavaa kofia yake. Akatoka.

Mimi nilikuwa nimefika namba tisa. Sikuweza kusimama. Nilifika kumi na nne, doozo okake kudasai, tafadhali keti, nikaisema vizuri kuliko siku zote, kuuambia mlango. Kutoka dirishani tuliliona gari likigeuza.

Saa nne mkalimani akafika. Akauliza mgeni yuko wapi.

Nataka niandike jambo moja, kisha nilale. Mtu mzima, mhandisi, mjenzi wa madaraja, anaambiwa lala salama saa tatu asubuhi, naye anakubali! Hana msimamo? Daraja lenyewe nitakuwa naliangalia mara mbili sasa.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mama Mkuu kauliza nilimwambia nini. Nikasema nilimsalimia, Mama. Ni kweli tupu. Mkalimani, kimbelembele asiyehusika, akaniomba nirudie neno kwa neno. Nikarudia. Alicheka mpaka akashika meza.

Mama Mkuu hakucheka. Akafungua mtoto wa meza, akaitoa barua ya uhamisho, akaondoa kifuniko cha kalamu. Akasema mzee wa miaka themanini amevuka bahari kuja kuona kazi ya ujana wake, na sisi tumemfukuza kwa salamu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Ningependa zaidi angepiga kelele.

Kabla hajaandika simu ikalia. Akaiweka kalamu. Sijui nani alipiga, Mungu amjalie. Akatoka haraka, na barua ikabaki pale na nafasi yake nyeupe.

Kifua Mbele kaniambia pole, kaka, si uongo, kwa kweli pole. Hata kunicheka kakataa. Huo ndio ubaya wake hasa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Barua imekuja kutoka hoteli ya mgeni! Mkalimani kaisoma mbele yetu wote.

Mzee anaomba radhi. Anasema ni dhahiri alikosea siku, kwani alipokelewa na kijana mwenye adabu isiyo ya kawaida. Kijana huyo, badala ya kumwambia kwa ukali kwamba ofisi haipokei wageni, alimsindikiza kwa salamu za siku nzima, asubuhi hadi usiku, ili asione haya kuondoka. Anasema adabu ya namna hiyo hajaiona hata kwao. Anaomba aje tena Jumatatu saa tatu. Anaomba apokewe na kijana yule yule. Jumatano anasafiri kurudi kwao, na kwa umri wake haji tena.

Kifua Mbele akakodoa macho.

Mkalimani kasema Jumatatu pia hawezi kufika kabla ya saa nne. Mama Mkuu kasema barua ya bohari atakuwa nayo mfukoni, na kalamu atakuwa nayo mkononi. Kasema safari hii mzee lazima akae. Akae, aone michoro yake. Kasema ndiyo hilo tu, mwanangu, unanisikia? Akae.

Nikasema ndiyo, Mama.

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo. Nimeogopa zaidi.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Shangazi kaja chumbani asubuhi na mkasi. Kasema leo tunakata uzi huu. Kasema chukua kile kimoja tu, cha keti, kilale mfukoni, kesho mtolee mzee hicho hicho, bila wenzake. Kisha mpe chai, nyamaza, kunyamaza ni bure. Akakisema mwenyewe, doozo okake kudasai, akanisogezea kiti kwa mguu, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshakaa. Akasema, umeona?

Nimeona nini? Nimeona mwanamke asiyewahi kufungua jalada maishani mwake. Nilimwambia asante Shangazi, nikafunga mlango.

Maana nimelitafakari jambo hili usiku na mchana kwa kichwa kilichosoma, na kosa nimelipata. Kosa si langu. Kosa ni la aliyetunga kijitabu! Mtu gani anaweka kwaheri namba tano na keti namba kumi na nne? Nani anaaga kabla ya kukaa? Mpangilio ule ulikuwa wa mtu mlevi, nami nikaufuata kwa uaminifu, na kwa uaminifu wangu nusura nizikwe bohari.

Kwa hiyo nimefanya ambacho karani yeyote wa kweli angefanya tangu mwanzo. Nimefungua uzi, nimevitandaza vikaratasi vyote arobaini kitandani, nimevipanga upya kwa alfabeti, kwa herufi ya kwanza ya neno la Kijapani. Nimevipa namba mpya kwa wino mwekundu. Nimefunga tena, mafundo mawili.

Matokeo yanashangaza. Tafadhali keti imepanda kutoka namba kumi na nne hadi namba nane! Nimeikata njia karibu nusu. Nimezisema toka asubuhi bila kosa hata moja: hatari, asante, kuna joto, ni mgonjwa, sivyo, ngoja kidogo, hairuhusiwi, tafadhali keti. Zinateleza kama maji. Kwaheri imetupwa mbali huko kwenye S, haitamfikia mtu.

Shangazi kagonga ukuta mara tatu. Kasema kitu kwa Kijapani. Sijakifahamu, hakimo kwenye arobaini zangu. Sijui anakitoa wapi. Sijali.

Kesho saa tatu kamili, mlango ukifunguliwa tu, kabla mzee hajavua kofia, nitamtazama usoni bila woga na kuanza na namba moja, kwa sauti kubwa: hatari!